Miti Yetu: Mkwaju wa Langoni uwekewe gadi

Toleo lililopita nilitoa picha ya msonobari mkongwe wa Japani, matawi yake yameegemezwa magongo kama mzee atokaye msikitini, na chini yake nikaandika mistari minne tu. Sikudhani mistari ile ingeleta barua nyingi hivi. Zimejaa meza ya kitalu changu hapa Malindi, nimeziwekea mawe zisipeperushwe na kaskazi. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa ina haraka: msumeno umeshaagizwa.

Swali: Assalaam alaykum Maalim. Uani kwetu Langoni, Lamu, kuna mkwaju tuliouachiwa na babu yetu mzaa baba. Tawi lake moja, nene kuliko kiuno cha mtu, limeinama hadi linakaribia paa la jirani, na kila kusi likivuma tunalisikia likilia usiku. Ndugu zangu wamekata shauri mti wote uondoke, na fundi wa msumeno keshaambiwa. Niliwaonyesha ile picha yako, nikasema tuuwekee gongo. Ami yangu mkubwa akanijibu kuwa Wajapani huabudu miti ndiyo maana huifunga kamba, na sisi hatuabudu mti. Mama hasemi kitu, analia tu. Nifanye nini?
— Binti wa Langoni, Lamu

Jibu: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Kwanza mtumie fundi ujumbe leo hii, asubiri wiki mbili. Mkwaju wa babu ukishalala chini, hata ukipanda mwingine kesho asubuhi, kivuli kile watakikalia wajukuu zako, si wewe.

Sasa nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Nilipokuwa afisa wa misitu nilipelekwa Japani kwa mafunzo, na mwanzo wa Novemba nikajikuta mji wa Kanazawa, kwenye bustani iitwayo Kenrokuen. Mji ule uko upande wa bahari ambako theluji huanguka nzito na ya majimaji. Hukaa juu ya tawi la msonobari kama gunia la chumvi lililolowa, na tawi huvunjika. Kwa hiyo kila mwaka, tarehe 1 Novemba, watunza bustani huanza kuifunga miti kamba. Huanza na msonobari mmoja maarufu, wa Karasaki. Husimamisha nguzo tano ndefu katikati ya matawi yake, na kutoka vichwani mwa nguzo hizo huteremsha kamba zipatazo 800 za majani ya mpunga, kila kamba ikashike tawi lake. Kazi hiyo huiita yukitsuri.

Mimi mtoto wa pwani nilisimama pale nikaona jahazi. Nguzo ni mlingoti, na mtu aliye juu ya mlingoti anarusha kamba chini, anapaza sauti, wa chini anaidaka, anaivuta, anapima kwa mkono kama imekaza vya kutosha, ndipo anafunga. Viatu vyao vimegawanyika kidole gumba mbali na vidole vingine, wapate kushika ngazi. Harufu ya majani ya mpunga ilikuwa mpya, kama mkeka uliotoka kusukwa. Lakini kilichoniganda moyoni ni anga. Siku ile jua lilikuwa limewaka, hakuna hata wingu. Nilimuuliza mzee mmoja wao, kupitia mkalimani, mbona haraka yote hii na theluji haijaja? Akaniambia theluji ikishakaa juu ya tawi huna tena la kufanya.

Nimekusimulia hayo kwa sababu mkwaju wenu nao una theluji yake, nayo ni kusi. Tawi hulia Juni, watu wakaogopa, Julai wakasema tutakata, Agosti upepo ukapungua wakasahau, mpaka mwaka mwingine. Wewe weka tarehe. Mwisho wa Februari, kabla ya masika, wakati bahari na upepo bado vimetulia, gadi, yaani gongo la kuegemeza tawi, liwe limeshasimama.

Nije kwa Ami yako, maana neno lake si la kupuuzwa. Japani kuna kamba za aina mbili juu ya miti, na ukizichanganya utamkosea kila mtu. Iko kamba nene iliyosokotwa, yenye vipande vya karatasi nyeupe vinavyoning'inia, ambayo huzungushwa shina la mti mkubwa kwenye mahekalu ya Shinto. Ile huitwa shimenawa, na inatangaza kuwa mti ule ni makao ya kitu kitakatifu. Hiyo ni ibada yao, na hapo Ami amesema kweli. Lakini kamba za Kanazawa si hizo. Na gongo lile la kwenye picha wao huliita hoozue, yaani gongo la shavu, kwa mfano wa mtu aliyeegemeza shavu kiganjani. Halina ibada. Ni kazi ya mikono, kama sisi tunavyoweka magadi chombo kikipandishwa pwani kutiwa kalafati. Je, anayeweka gadi anaabudu jahazi? Mkumbushe Ami, kwa adabu, ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Na aliyepanda mti, kila anachokula mtu, ndege au mnyama kutoka humo ni sadaka yake. Babu yenu yumo kaburini na ukwaju unaendelea kuanguka uani. Mimi siuoni ufunguo mwingine wa moyo wa Ami kuliko huo.

Ila usimwambie mbele ya ukoo mzima. Wajapani wana neno la watu wa miti, nemawashi, yaani kuzunguka mizizi. Mti mkubwa ukitakiwa kuhamishwa hauchimbuliwi kwa siku moja. Mwaka mmoja kabla, au hata zaidi, huchimbwa duara kuuzunguka na baadhi ya mizizi hukatwa, ili mizizi midogo midogo iote karibu na shina na mti uweze kustahimili safari. Siku hizi neno hilohilo hulitumia kwa kuzungumza na watu mmoja mmoja kabla ya kikao. Basi nenda kwa Ami peke yako baada ya Alasiri, na kahawa. Halafu kaka mkubwa. Kikao kije mwisho.

Kazi yenyewe sasa. Kabla ya kununua hata boriti moja, kagua. Pale tawi linapoachana na shina, tazama kama kuna ufa, na kama ufa una rangi mbichi. Gonga kwa kishikio cha nyundo kuanzia shinani kwenda nje, usikilize; mlio wa ngoma maana yake ndani mna uwazi. Angalia kitako cha mti kama kuna uyoga mgumu ulioshika kama sahani. Ukikuta ufa mbichi, tawi hilo likatwe kwa ajili ya usalama wa jirani, na mti ubaki. Ukikuta uyoga kitakoni, nipigie kupitia ofisi ya gazeti kabla hamjafanya lolote, maana hapo shina lenyewe liko mashakani na mimi sitaki kukufariji kwa uongo.

Ikiwa ni zima, nenda Matondoni umtafute fundi wa vyombo. Nakusisitizia fundi wa vyombo, si wa nyumba. Yeye anajua uzito unavyotaka kushikwa. Mwambie unataka magadi mawili ya boriti za mkoko, yapishane juu kama mkasi, na tawi likae kwenye pembe yao. Yasiwekwe karibu na shina wala nchani. Pima urefu wa tawi, gawa mara tatu, uweke penye theluthi ya pili kutoka shinani. Chini kila boriti ikae juu ya jiwe la matumbawe lililolazwa bapa, isizame mchangani na mchwa wasipate njia. Na msichimbe shimo juu ya mizizi.

Kati ya boriti na gome la mti lazima pawe na mto. Kule huzungushia gome la mti wao wa sugi, kisha hufunga kwa kamba nyeusi ya nyuzi za mnazi wa kwao usiozaa nazi. Niliishika kamba ile nikacheka kwa furaha, maana ni ndugu wa kamba yetu ya makumbi kabisa. Kwa hiyo makumbi chini, kamba ya makumbi juu, na kila mwaka mfungue mfunge upya. Waya usitumie, hata fundi akikwambia ni imara. Tawi hunenepa na waya haunenepi. Baada ya miaka michache utakuwa umezama ndani ya gome, na juu yake tawi litakauka kama kidole kilichofungwa uzi.

Na msilisukume tawi kwenda juu kwa jeki. Gadi liguse tu. Tawi limeinama kwa miaka arobaini, mkilinyanyua kwa siku moja mtalipasua wenyewe. Mkitaka kulipunguzia uzito, apande kijana mwepesi akate vitawi vya nchani, si zaidi ya robo ya majani ya tawi hilo, na kila kitawi akikate nje kidogo ya ule uvimbe ulio kama pete pale kinapoanzia. Asiuguse uvimbe. Mti hauponi kidonda kama ngozi yetu. Hukifunika kwa mbao mpya, na mbao hiyo huanzia kwenye pete ile. Lami na rangi msipake.

Mama mpe salamu zangu.

Swali: Mzee, shikamoo. Nina mwembe wa ngowe mbele ya nyumba, Malindi. Mwaka juzi nilitandaza kabro hadi shinani ili gari lipate pa kukaa. Sasa majani yana rangi ya manjano, ncha za juu zimekauka, na msimu huu nimepata maembe sita. Nimesikia Japani wana madaktari wa miti. Je, dawa yao naweza kuipata wapi?
— Baba wa watatu, Malindi

Jibu: Marahaba, bwana. Ni kweli madaktari hao wapo, huitwa jumokui, na utaratibu wa kuwapa vyeti ulianza mwaka 1991. Mtu hafanyi mtihani huo akitoka shule moja kwa moja. Sharti awe amefanya kazi ya miti kwa miaka. Lakini daktari huyo angefika kwako asingefungua chupa. Angepiga magoti.

Ninalo la kukiri hapa. Marehemu mama alikuwa na mwembe wa ngowe, na nilipokuwa najenga chumba cha pili niliwaacha mafundi wamwage kifusi na udongo kuuzunguka, mpaka kiunoni mwa mti hivi. Nilikuwa tayari na cheti cha misitu. Niliona, nikasema nitawaambia wauondoe kazi ikiisha. Kazi iliisha, kifusi kikabaki, na mwaka wa tatu mwembe ukafa wote kwa mara moja, na maua yake mikononi. Mama hakunilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma hadi leo. Kwa hiyo ninapokwambia mizizi hupumua, sikusomei kitabu. Mizizi inayolisha mti iko juu juu tu, karibu na uso wa ardhi, na inataka hewa na maji yashuke. Wewe umeifunika kwa zege na kuikandamiza kwa gari.

Wajapani walijifunza hivyohivyo, kwa miti ambayo nchi nzima inaijua. Kwenye kisiwa cha Yakushima kuna mti wa sugi uitwao Jomon Sugi, umeishi maelfu ya miaka. Sifa zake zilipoenea miaka ya 1960, watu walimiminika, kila mmoja akataka kuugusa, na nyayo zao zikaugandamiza udongo na kuifichua mizizi. Siku hizi mgeni hutazama akiwa juu ya jukwaa la mbao, kwa umbali. Na kule Yamanashi kuna mcheri wa Jindai, mkongwe kupita karibu micheri yote ya nchi hiyo. Ulipodhoofika, waliutibu kuanzia chini: wakabadilisha udongo wa mizizi kipande kwa kipande, kwa miaka kadhaa, ili mti usishtuke. Kisa kinachonisisimua zaidi ni cha mcheri wa Usuzumi, mkoa wa Gifu. Mwaka 1949 ulikuwa unahesabiwa kuwa unakufa, na aliyeuokoa alikuwa daktari wa meno. Aliunganisha mizizi michanga ya micheri mingine, zaidi ya 200, kwenye mizizi ya mkongwe ule. Bado unachanua.

Wewe huhitaji kuunganisha mizizi. Ng'oa kabro. Ukiweza, hadi pale kivuli cha mti kinapoishia saa sita mchana. Usipoweza, angalau hatua nne kila upande, na gari litafute mahali pengine. Udongo ulioshindiliwa ulegeze kwa uma, kwa upole, usitumie jembe. Fukua polepole hadi uone pale shina linapotanuka kuingia ardhini, pale paonekane siku zote. Kisha tandaza majani makavu, unene wa kiganja kilichosimama, yasiguse shina. Kaskazi yote mwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi, polepole. Mbolea ya dukani usitie mwaka huu: mgonjwa aliyetoka homani hapewi biriani. Vitawi vilivyokauka kata, vibichi viache vyote, maana kila jani sasa ni jiko la mti.

Utangoja masika mawili kabla ya kujua. Ukiona machipukizi mekundu kwenye matawi ya kati, usiangalie tena zile ncha za juu, mti umeamua kuishi chini zaidi na umwache.

Na kama jirani yako atakuambia umepoteza pesa za kabro kwa ajili ya mti, mweleze juu ya stesheni ya Kayashima, karibu na Osaka. Reli ilipotakiwa kupanuliwa, palikuwa na mkafuri wa miaka ipatayo 700. Wakazi walikataa usikatwe. Stesheni ikajengwa kuuzunguka, na mpaka leo shina limepenya katikati ya jukwaa la abiria na kutokea juu ya paa.

Swali: Babu, shikamoo. Nauza maua kando ya barabara hapa Malindi. Nimeona bonsai, ile miti midogo ya chunguni, kwenye simu na nataka kuanza, nina mbuyu mdogo na mkunazi. Dada yangu anasema ni kuutesa mti, kama kumfunga mtoto miguu asikue. Ni kweli?
— Kijana wa maua, Malindi

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Mti unaoteswa haufiki miaka mia tatu. Uko msonobari wa chunguni ulioanza kulelewa mwaka 1625, ukarithishwa katika familia ya Yamaki ya Hiroshima. Bomu lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945, ulikuwa nyuma ya ukuta wa uwanja wao, ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, nchi iliyoangusha bomu, na hakuwaambia umetoka wapi. Upo Washington hadi sasa. Hesabu ni asubuhi ngapi mtu ameamka akaunywesha, maana chungu kile hakiwezi kukaa siku nyingi bila mkono wa mtu. Mwambie dada yako hivyo, uone atasema nini.

Mbuyu usianze nao, hujaza maji mwilini na ukizidisha kidogo tu huoza kuanzia chini. Mkunazi ni mzuri, lakini kwa baadaye. Tafuta mkuyu mchanga, ile inayoota yenyewe kwenye nyufa za kuta kuukuu. Ng'oa wa ukutani kwenu au kwa mtu aliyekuruhusu, na wa kwenye magofu ya Gede usiuguse. Ukuta utashukuru, na mkuyu umeshazoea kuishi pembamba.

Wajapani wanaolea bonsai husema kumwagilia pekee ni miaka mitatu ya kujifunza. Nilidhani wanatia chumvi mpaka nilipoanza mwenyewe. Usimwagilie kwa saa. Chomeka kidole hadi kiungo cha kwanza: pakiwa pana unyevu, ondoka, pakiwa pakavu, mimina hadi maji yatoke matundu ya chini. Kaskazi huenda ukamwagilia asubuhi na jioni. Masika huenda ukakaa siku tatu hujashika kopo. Mkuyu wako ukivuka masika mawili, pita nao kitaluni, nitakupa mkasi wangu wa pili.